Chupa Niliyoiosha kwa Mchanga

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe tatu Februari mwaka 2025, saa mbili asubuhi, katika yadi yetu ya malori nje kidogo ya mji wa Tororo. Siku hiyo mimi mwenyewe nilidhani nimefanya kazi vizuri kuliko siku zote. Sikugonga mtu, sikulewa, sikusinzia kwenye usukani. Niliosha chupa tu.

Jina langu ni Okia. Nimeendesha malori miaka ishirini na sita, na mengi yalikuwa mabovu, ya kusukumwa ndipo yawake. Kisha Hajji Muzafaru, tajiri wetu, akanunua lori jipya kabisa, viti bado vina nailoni, akaniita mimi. Madereva wengine walinuna. Nilikuwa nimefiwa na mke wangu Wilkister mwaka uliotangulia, wakasema Hajji amenionea huruma. Huruma sijui. Ninachojua ni kwamba miaka yote hiyo sikuwa nimemwangushia lori hata moja.

Lori lile ndilo lililobaki kwangu. Nyumba yangu kule Mukuju ilikuwa kimya mpaka nasikia panya akitembea kwenye dari. Ndani ya lori kulikuwa na sauti, na sauti yake niliijua. Nikibeba saruji kutoka Tororo kwenda Busia, nikavuka upande wa Kenya, nilikuwa naisikiliza injini kama mtu anavyosikiliza mwenzake akiongea jikoni. Miezi mitano haikuwahi kukohoa.

Sasa, Hajji ana kijana wake, Shafic, amesoma chuo kikuu na ndiye meneja. Huyo ndiye aliyeleta habari ya kupima oili. Alitusimamisha juani, yeye yuko kwenye kivuli cha ofisi, akasema waliotuuzia lori wanataka oili ya kwanza ikimwagwa, kidogo kipelekwe maabara Nairobi. Akaeleza vizuri, siwezi kumsingizia. Alisema vyuma vya injini vikisuguana, unga wake unaingia kwenye oili. Mashine ya maabara inauona unga huo hata kama jicho haliuoni. Chuma kikizidi, injini inalika. Mchanga ukizidi, filta ya hewa ina kasoro na vumbi linaingia. Maji yakionekana, kuna mahali panavuja.

"Ni kama daktari akipima damu," akasema. "Kwa hiyo sampuli iwe safi. Mumenielewa?"

Tukasema tumeelewa. Akaingia ofisini. Hayo ndiyo mafunzo yote tuliyopewa.

Marion, binti anayekaa ofisini, alinipa chupa. Ilikuwa ndogo ya plastiki yenye kifuniko chekundu, na aliitoa kwenye droo ambamo huweka maandazi yake. Niliifungua nikachungulia. Ndani niliona kama ukungu hivi, na ilinuka plastiki. Mimi kwetu chombo cha kutoka kwa mtu hakitiwi kitu kabla ya kuoshwa. Wilkister alikuwa mtu wa Busia, ng'ambo ya Kenya, na kila Jumamosi alikuwa akitia mchanga konzi moja katika kila jerikeni la maji, maji kidogo juu, anatikisa mpaka mikono inachoka, utelezi wote wa kijani unatoka, halafu anasuuza mara tatu. Hakuna sabuni inayofanya hivyo. Nami nikafanya hivyohivyo. Nilichota mchanga pale bombani, nikatikisa, nikasuuza mara tatu, nikaipindua chupa juu ya bampa ikauke. Sikungoja ikauke kabisa kwa sababu injini ilikuwa ya moto tayari, na fundi alishaniambia oili ichukuliwe ikiwa moto. Nikalala chini ya lori, nikafungua nati, nikaacha oili ya mwanzo ipite, nikakinga ile ya katikati. Chupa ilijaa pale panapotakiwa. Niliifuta nje kwa shati langu.

Niliipeleka mwenyewe Busia. Nikavuka kwa miguu kwenda ofisi ya vifurushi vya basi upande wa Kenya. Askari wa forodha alinisimamisha.

"Hii nini, mzee?"

"Oili chafu. Naituma Nairobi."

"Nairobi wamekosa oili chafu yao?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Nami nikacheka.

Majibu yalirudi baada ya siku nane. Siku nane tu! Damu ya Wilkister ilipochukuliwa hospitalini, tuliambiwa siku tatu. Tulimzika majibu hayajarudi. Nilipokwenda kuuliza, mtu wa dirishani alisema mashine imekosa dawa ya kupimia, tena hakuinua kichwa. Serikali inakusanya ushuru wa kila gunia linalopita mpakani, lakini dawa ya kupimia damu ya mama mmoja haina. Oili ya lori ndiyo inayopimwa na kurudi na karatasi yenye rangi.

Rangi ilikuwa nyekundu. Shafic aliiweka karatasi mezani, akaigeuza nione, kana kwamba ningeweza kuisoma. Mimi niliacha shule darasa la nne, na Kiingereza nakijua cha alama za barabarani.

"Mzee Okia," akasema, "filta ya hewa uliiuza wapi?"

"Filta gani, meneja?"

"Usinichezee. Mchanga umejaa kwenye oili. Injini ya miezi mitano inakula mchanga! Uliuza ile halisi ukaweka ya gengeni."

"Twende tuiangalie."

Tukaenda. Nikafungua boksi la filta. Filta ilikuwa ileile ya kiwandani, mhuri wake upo. Shafic aliitazama mbele na nyuma.

"Basi uliirudisha," akasema.

Sasa hapo utajibu nini? Ukinyamaza ni mwizi. Ukisema ni mwizi mwenye mdomo.

Wakamwita Osborn, fundi kutoka Busia ya Kenya, ambaye hutengeneza malori yetu makubwa. Osborn aliwasha injini, akaweka kiganja juu ya kifuniko chake, akafumba macho kidogo. Aliangalia moshi. Hakukuwa na moshi.

"Mzae, hii engine inaimba," akaniambia. "Nani amesema iko na shida?"

"Karatasi."

"Karatasi iko na masikio?" Akamgeukia Shafic. "Bosi, ningekuwa wewe ningengoja. Weka oili mpya, itembee kidogo, upime tena. Injini mpya kwanza hutoa unga mwingi, vyuma vinazoeana. Ukifungua, seal za kiwanda zimekatika na wale waliokuuzia wataruka, hawatalipa kitu."

"Wewe umesomea oili?"

"Nimesomea kuchafuka, bosi."

Shafic alimpigia Hajji, aliyekuwa Kampala. Sisi tulisikia upande mmoja tu wa maneno. Ndiyo baba. Nyekundu baba. Dereva baba. Alipokata simu akasema, "Fungueni."

Wakaifungua. Nilisimama pale tangu asubuhi mpaka saa tisa, nikiangalia lori langu likitolewa matumbo na kupangwa juu ya turubai. Osborn aliniita nitazame ndani ya silinda. Kuta zake zilikuwa bado na mistari ile myembamba ya kupishana inayochorwa kiwandani.

"Unaona hii mistari? Mchanga ungekuwa umepita hapa, ingekuwa imefutika, kuta zinang'aa kama kioo. Hii injini haijakula vumbi."

Moyo wangu ukatulia kidogo. Lakini alipofika kwenye beringi za chini, moja ilikuwa na mkwaruzo, kama ukucha umepita. Shafic alikuwa ameshachutama pale.

"Na hii?"

Osborn aliigeuza kwenye mwanga. "Hii sijui. Inaweza kuwa ya kiwandani. Inaweza kuwa imeingia sasa hivi tukifungua. Inaweza kuwa kweli injini ilianza kulika. Mkwaruzo hausemi umezaliwa lini."

Shafic aliupiga picha kwa simu. Jioni ile picha ilikuwa kwenye grupu la wenye malori, la Tororo, Malaba na Busia zote mbili, pamoja na jina langu: dereva aliyeua injini ya miezi mitano. Mimi simu yangu ni ya tochi. Nilisomewa na mtu stendi. Nikaambiwa nikae nyumbani, nitapigiwa. Kwa umri wangu, na jina langu likiwa kwenye grupu lile, nani mwingine angenipa hata trekta?

Baada ya siku tano nilirudi yadini kuchukua blanketi langu. Shafic hakuwepo. Nikamwomba Marion anisomee ile karatasi yote, kwa sababu mpaka saa hiyo nilikuwa nimesomewa rangi tu.

Akasoma polepole akigeuza kwa Kiswahili. Mchanga, juu sana. Maji, yapo. Chuma, juu ya kawaida. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na maneno matatu manne ya ushauri.

"Wanasema hivi, baba. Kabla ya kugusa injini, chukueni sampuli nyingine kutoka oili ileile, kwa chupa mpya, kavu, isiyofunguliwa wala kuoshwa."

"Rudia hapo mwisho."

"Isiyofunguliwa wala kuoshwa."

Nilikaa chini kwenye boksi la vipuri lililokuwa pale. "Marion, mimi niliiosha."

"Uliosha nini?"

"Chupa. Kwa mchanga. Pale bombani."

Aliweka mkono mdomoni. Sijui kama alitaka kucheka au kulia. Halafu akasema polepole, "Baba, ilikuwa imetoka kiwandani ikiwa safi. Ni mimi niliyepasua mfuko wake nikitafuta kalamu."

Basi ndiyo hivyo. Mmoja alipasua mfuko, mmoja akaosha chupa. Lakini nauliza, aliyesoma chuo kikuu alikuwa wapi? Maneno yale ya chini alikuwa nayo mezani siku mbili kabla ya kufungua injini. Anajua Kiingereza kuliko mimi ninavyojua barabara ya Mbale. Hakuyasoma. Aliona nyekundu, akaniona mimi.

Nilimngoja. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Nilidhani atafurahi kwamba lori lake halikula mchanga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mchanga kama ulikuwa kwenye injini, wewe ni mwizi wa filta," akasema. "Na kama ulikuwa kwenye chupa, wewe ni mjinga uliyenifungulisha injini mpya. Chagua mzee, lipi niandike?"

"Andika kwamba hatukufundishwa."

"Kuosha chupa kwa mchanga, na hilo nalo mtu mzima afundishwe?"

"Na kusoma karatasi mpaka chini, meneja?"

Hilo halikunisaidia. Alisimama akafungua mlango.

Marion ndiye aliyenipigia maabara Nairobi, kwa simu yake mwenyewe, tukiwa nyuma ya choo cha yadi. Tulimpata dada mmoja anaitwa Bridgit, ndiye aliyepima. Nilimwambia habari ya mchanga. Nikasikia amecheka kidogo.

"Pole mzee, sikucheki wewe. Mwaka jana mtu alituletea sampuli ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi." Kisha akawa makini. "Mchanga na maji, sawa, sasa naelewa vilitoka wapi. Nikiviondoa hivyo, nabaki na chuma. Chuma kilikuwa juu. Mchanga wenu huko ni mwekundu?"

"Una wekundu kidogo."

"Basi huenda chuma kingine kilitoka kwenye mchanga. Au ni unga wa injini mpya ikijizoesha, huo ni wa kawaida. Au injini kweli ilikuwa na tatizo. Hii ni sampuli ya kwanza ya gari hilo, sina ya zamani ya kulinganisha. Mnayo bado ile oili mliyomwaga?"

Marion akanitazama. Nikasema, "Nitaitafuta."

"Oili mpya haitanisaidia, maana injini imeshafunguliwa na kusafishwa. Nahitaji ileile. Na mzee, lazima ije na fomu ya mwenye gari, imetiwa sahihi. Bila hiyo siruhusiwi kupokea."

Oili chafu ya yadi yetu haimwagwi ovyo. Huwa wanapewa watu wanaoiomba, kupaka nguzo na mbao zisiliwe na mchwa. Nilimwuliza mlinzi, akasema ile ya lori jipya alichukua Ofumbi, seremala wa Nagongera, jerikeni mbili. Marion alinipa chupa nyingine ndani ya mfuko wake, mfuko mzima. Niliitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, nikaifunga kwa pini.

Nilikwenda kwa boda siku ya soko. Ofumbi alikuwa mbele ya kibanda chake anapiga randa kitanda.

"Wewe natafuta nini?" akauliza.

"Oili chafu."

"Eh! Watu nakuja kwangu kwa mlango, kwa kitanda. Wewe natoka Tororo kwa oili chafu? Huko mchwa imekula nyinyi yote?"

Nilimweleza. Aliacha randa. Jerikeni moja ilikuwa imekwisha, alipaka nguzo za zizi la mtu. Ya pili ilikuwa nyuma ya kibanda, imebaki robo. Niliiangalia, nikaogopa kuuliza, nikauliza.

"Hii jerikeni uliiosha kabla ya kutia oili? Kwa mchanga?"

"Kuosha? Nani naosha jerikeni ya oili chafu? Mke wangu alitaka kuosha, mimi nasema acha wewe, maji si ya kuchezea."

Karibu nimkumbatie. "Kwa hiyo ni oili ya lori letu peke yake."

Ofumbi alikuna shingo kwa penseli yake. "Ni ya kwenu. Naona ni ya kwenu. Sema zamani kulikuwa na ya bodaboda kidogo chini. Kidogo tu. Ilikuwa imekwisha. Nadhani ilikuwa imekwisha."

Niliitikisa jerikeni polepole ili unga usikae chini. Nilifungua mfuko wa chupa kwa meno, nikakataa hata kupumulia ndani. Ofumbi aliinamisha jerikeni, mimi nikakinga. Tulikuwa wawili tumechutama kama watu wanaokamua mbuzi mkali, na wateja wake wamesimama wanatuangalia. Nilifunga kifuniko. Nilimwomba anipe karatasi inayosema oili imetoka kwake. Aliandika juu ya kipande cha mbao, maana karatasi hakuwa nayo: mimi Ofumbi nimetoa oili ya lori kwa Okia. Akatia sahihi kwa penseli ya kiseremala.

Siku iliyofuata niliweka chupa na kile kibao juu ya meza ya Shafic. Alikisoma kibao mara mbili.

"Mzee, hiki ni nini?"

"Ushahidi. Oili ileile, chupa haikuoshwa. Tia sahihi fomu tu, nitaipeleka Busia mwenyewe."

"Oili kutoka kwa seremala."

"Ilitoka kwenye lori letu."

"Na kabla ya hapo jerikeni lilikuwa na nini?"

Ningeweza kudanganya. Sijui kwa nini sikudanganya. "Ya bodaboda kidogo. Anadhani ilikuwa imekwisha."

"Anadhani." Shafic alijiegemeza kwenye kiti. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali angepiga. "Sasa nikituma hii, chuma kikionekana, utasema ni cha bodaboda. Kisipoonekana, mimi nimefungua injini nzima bure, na nitamwambia nini Hajji? Unaona unachoniomba?"

"Naona," nikasema. Niliona kabisa.

"Nenda nyumbani."

"Nitilie sahihi, meneja. Sahihi moja."

"Nenda nyumbani, Mzee Okia. Tukikuhitaji tutakupigia."

Sasa ni mwezi wa sita. Waliotuuzia lori walikataa kuhusika, kama Osborn alivyosema. Fundi huyo aliirudisha injini, akaweka beringi mpya, na ile yenye mkwaruzo ikatupwa. Lori anaendesha Levis, kijana wa Merikit mwenye simu kubwa. Hunipita barabarani pale Mukuju nikiwa nimekaa na majirani, na huwa anapiga honi kwa heshima. Injini ina sauti nyingine siku hizi. Si mbaya, ni nyingine. Nimekwenda kwa wenye malori wanne Malaba, na wote walinikaribisha kiti kwanza, kisha wakatazama simu zao, kisha wakakumbuka wana safari.

Kwa Hajji mwenyewe nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anaswali. Mara ya pili alinipa mkono, akanipa pole ya mke wangu tena, akasema mambo ya yadi amemwachia Shafic.

Jana Marion alinipigia. Anasema chupa bado ipo, juu ya dirisha la ofisi, nyuma ya pazia, na kibao cha Ofumbi kimelala kando yake. Anaipangusa vumbi kila Ijumaa. Hakuna aliyeitupa na hakuna aliyeituma. Alimwuliza Bridgit kama oili huharibika ikikaa, Bridgit akasema chuma hakiendi popote, wakitaka wanaweza kuituma hata mwakani, mradi kuna sahihi.

Ndani ya ile chupa kuna chuma kiasi gani?